Kimya Kabla ya Swali la Tano

Jumatatu, 3 Machi

Mama Funguo amepanda kwetu asubuhi bila funguo. Siku zote kishada chake cha funguo hufika kabla yake, kikilia kiunoni ngazi kwa ngazi. Leo nimeshtukia tu amesimama mlangoni, kiuno kimya, kama mtu aliyevuliwa.

Miaka kumi na tisa ametunza stoo ya dawa hospitalini. Mwezi wa kumi na moja katoni nne za sindano za usingizi zilitoweka, kufuli zima kabisa. Uongozi ukaita kampuni yenye mashine ya kupima uongo. Wafanyakazi kumi na mmoja wakakalishwa kitini, mmoja mmoja. Kumi wakapita. Yeye akaanguka. Sasa yuko nje kwa dhamana, na tarehe 19 mahakama itasikiliza jambo moja tu: majibu ya ile mashine yapokewe kama ushahidi au yakataliwe. Yakipokewa, basi tena — maana ushahidi mwingine wa maana hawana. Miaka saba, wakili wake amemwambia.

Alikuja ili binti yangu ampunguzie sketi. Amekonda. Binti alimsimamisha juu ya kigoda, pini mdomoni, akauliza kwa pembe ya mdomo: kwani siku hizi mashine nazo zinaapishwa?

"Usicheke, dada. Ile mashine si mchezo. Kabla hatujaanza yule bwana alinipa kadi zenye namba, akasema chagua moja, usinionyeshe, kila nikikutajia namba wewe kana. Nikachagua saba. Nikakana zote. Mashine ikasema: saba! Nilihisi baridi mpaka kwenye kucha."

Mimi nilikuwa dirishani na gazeti langu. Nikasema — Mungu wangu, nikasema! — "Kadi zote zilikuwa saba."

Wakanigeukia wote wawili.

"Babu, umejuaje?"

"Nimesoma mahali."

Wamenikubalia. Mimi ni mzee wa vitabu, jengo zima linajua. Lakini Mama Funguo alishuka kigodani polepole, sketi imejaa pini. "Kwa hiyo niliingia mle nikiwa nimeshaogopeshwa," akasema. "Kwa mchezo wa karata."

Ulimi huu. Miaka arobaini umekaa ndani, leo umetoka kwa ajili ya kadi.


Jumatano, 5 Machi

Wakili wake amekuja. Kijana. Koti lina mabega ya mtu mwingine kabisa, mikono imefunika vidole. Binti yangu hawezi kumtazama bila kushika mkasi.

Mama Funguo amemwambia habari za kadi. "Mzee, naomba jina la kitabu," akasema. "Na ukurasa, kama unaukumbuka."

Nikasema kitabu kilibaki nyuma, tulipovuka mpaka.

"Mwandishi?"

Nimesahau.

Alikuwa ameshika kalamu tayari. Akaifunga. Hakuonyesha hasira, alionyesha uchovu tu. Aliacha bahasha mezani: nakala ya michoro ya mashine. "Labda wewe utaona kitu, mzee. Mimi naona milima tu."

Alipotoka binti akasema, bila kuinua kichwa kwenye cherehani: "Baba hajawahi kusahau mwandishi."


Alhamisi, 6 Machi

Sikutaka kuifungua ile bahasha. Saa tatu asubuhi nimeifungua.

Mistari mitatu, kama zamani. Pumzi juu, jasho katikati, mapigo ya moyo chini. Siku hizi hakuna kalamu wala wino, kompyuta inachora yenyewe, lakini mwili ni ule ule. Maswali kumi. Kila swali lina alama linapoanza na alama linapokwisha. Fotokopi imefuta sekunde, ila mwendo umebaki pembeni: sentimita kumi na tano kwa dakika moja. Mwendo wetu wa zamani! Nikaazima utepe wa kupimia wa binti.

Kutoka jibu moja hadi swali linalofuata: sita. Sita. Sita na punje. Ndizo sekunde ishirini na nne, ndivyo tulivyofundishwa — uliza, pokea jibu, mwache mtu apumue, uliza tena kwa sauti ile ile. Sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

Halafu, kabla ya swali la tano: kumi na nusu.

Sekunde arobaini na mbili. Na la tano ndilo lenyewe — *Je, wewe ndiye uliyetoa katoni stoo?* Mengine yote ni kachumbari. Nikasogeza karatasi kwenye mwanga. Mlima wa jasho hauanzi kwenye swali. Unaanza sentimita mbili kabla, ndani ya kile kimya.

Mkono umebanwa na kitambaa cha kupimia presha, waya vidoleni, mtu amekaa mgongoni pako. Maswali yanakuja kwa mwendo wa saa ya ukutani. Ghafla yanakoma. Husikii kitu. Nani asiyetoka jasho? Mashine haikumpima Mama Funguo. Ilimpima bwana aliyesita kumuuliza.

Binti aliuliza nilikuwa napima nini na utepe wake. Nikasema: ukurasa.

Nayajua haya, na si kwa kusoma mahali.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeshusha kopo juu ya kabati. Kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimeshika kutu. Nimevuka nalo mpaka, nimekaa nalo kambi mbili na nyumba tano. Marehemu mke wangu aliamini lina vyeti vyangu. Lina karatasi moja ndefu, karibu mita, imeviringwa kama bendeji.

Niandike mara moja, kwa mpangilio, kama ripoti. Nikianza kuremba nitaacha.

Kule nyuma nilikuwa mpimaji wa uongo. Si karani wa takwimu. Karani ni neno nililompa mke wangu, baadaye nikaliandika kwenye fomu ya kwanza ya wakimbizi, na kila fomu iliyofuata ilinakili ile ya kwanza. Miaka sita nilifanya kazi chumba namba nne, chini kabisa ya jengo, ukuta mmoja una kioo, na nyuma ya kioo alikaa mkuu wangu.

Siku hiyo walileta mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji cha serikali. Orodha ya watumishi watakaofukuzwa kazi ilikuwa imevuja kabla ya kutangazwa. Mlango ukafunguliwa. Shemeji yangu. Kaka wa pekee wa mke wangu. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumekula sahani moja.

Kanuni ilikuwa wazi: umjuaye humpimi. Nilitakiwa nisimame, niseme. Niseme nini — kwamba nyumba yangu na ya mshukiwa ni moja? Kwamba nami niwekwe kwenye kiti? Nikanyamaza. Yeye alinitazama mara moja, akaelewa, akaketi. "Habari za asubuhi, bwana," akanisalimu, kama anavyosalimiwa mtu wa posta.

Swali la pili tuliwauliza wote, lilikuwa la kupashia moto tu: *Je, unamfahamu mtu yeyote anayefanya kazi katika jengo hili?* Akajibu: hapana. Kalamu hazikutikisika. Nimeitazama karatasi hii mara elfu, na leo tena. Hazikutikisika! Alidanganya kwa ajili yangu, na moyo wake ulitulia tuli.

Halafu la tano. *Je, wewe ndiye uliyeitoa orodha kiwandani?* Lilikuwa mbele yangu limepigwa chapa. Koo likafunga. Nikameza mate, nikameza tena. Nikaona kivuli kikisogea nyuma ya kioo. Nilipolitoa hatimaye, sauti haikuwa yangu. Akajibu hapana — na kalamu zote tatu zikaruka kama kuku waliotupiwa jiwe.

Kanuni ya pili: maswali yarudiwe mara tatu kabla ya kuamua lolote. Mimi nilipima mara moja. Nilitaka atoke mle haraka. Huruma ndiyo iliyonituma. Huruma! Ningerudia, la tano lingetulia, ningeona. Lakini mkuu alishaziona kalamu kwa macho yake, nami nikaandika kile alichokwisha kukiona: "Dalili za udanganyifu, swali la tano." Nikatia sahihi kwa namba. Wapimaji hatukuwa na majina.

Mahakamani karatasi haikufika. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Walimwonyesha yeye mwenyewe — tazama, mwili wako umekwisha kusema, umebaki mdomo tu. Siku mbili. Siku ya tatu alitia sahihi maungamo. Hakimu akapokea maungamo, hakuuliza yalizaliwa wapi. Miaka minane. Mwaka wa nne alikufa kwa kifua.

Karatasi zilitakiwa kuchomwa. Hii nilitoka nayo ndani ya soksi.

Na hakuwa na hatia. Sikisii. Mwaka wa tatu baada ya kuvuka, kwenye foleni ya maji kambini, mtu aliyekuwa mlinzi wa kile kiwanda alisimulia, huku akicheka, jinsi alivyoitoa ile orodha kwa pakiti nne za sigara. Nilikuwa na ndoo mbili. Nilizirudisha hemani tupu, mke wangu akaniuliza kama bomba limekauka.

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka kaka yake, aliniuliza: nani alimkalisha kwenye kile kiti? Si ulikuwa jengo lile lile? Hukusikia hata jina? Mimi karani tu, mke wangu. Makarani hawaambiwi kitu.

Alikufa akiniamini.


Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia wakili. Tumekaa bustani ya nyuma ya maktaba, benchi lililo mbali na watoto. Nimemwambia nilikuwa nani. Nimemwonyesha kumi na nusu.

Akaanza kuuliza kwa haraka, kama mtu aliyeona basi lake. Sheria ya hapa, anasema, haijaitaja mashine hiyo kwa jina: haijaikubali, haijaikataa. Mwendesha mashtaka atasema ni maoni ya mtaalamu tu, sawa na daktari, sawa na mtu wa alama za vidole.

"Nami nitasema alama ya kidole haiogopi," akasema. Akafurahia mwenyewe, akaiandika.

Nikamwambia jambo ninalolifikiri siku zote: shahidi anasimama kizimbani, unambana, unamgeuza, unaona anavyojiuma. Mashine utaibanaje? Ina jibu moja, na jibu lenyewe linasemwa na bwana aliyelipwa kuliona.

"Watakuuliza umejuaje kwamba kimya kinaweza kumwangusha mtu safi."

"Nitasema nimewahi kufanya."

"Watasema thibitisha."

"Karatasi ninayo."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

Akaivuta mikono ya koti mpaka vidole vikaonekana. "Mzee, hakimu tuliyepangiwa haridhiki na 'mtu'."

Halafu akanieleza la fomu. Niliandika karani. Watalitoa mbele ya wote. Mjuzi wa uongo aliyewadanganya waliompokea! Nikamwambia hilo si kitu. Kweli si kitu. Kinachonitisha mimi kinakaa nyumbani na kinashona.


Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili binti hufuta vumbi kwenye picha ya mjomba wake. Leo pia. Kitambaa, mate kidogo pembeni ya kioo, kitambaa tena.

Binti alikuwa na miaka saba walipomchukua. Mjomba ndiye aliyemfundisha kusoma herufi kinyumenyume, zinavyopangwa kwenye fremu ya madini ya risasi kabla ya kuchapwa. Hadi leo huweza kusoma gazeti langu kwenye kioo cha dirisha. Atlasi aliyompa bado anayo, na ndani ya jalada kuna sahihi yake — ndefu, mkia umepinda juu na kujirudia, kama uzi uliochomoka sindanoni.

Nikasema, nikijitia sina haja: unamkumbuka vipi?

"Mjomba? Hakuweza kudanganya hata kwenye karata, Baba. Masikio yalikuwa yanamwiva mekundu. Mama alikuwa anamla kila siku."

Masikio. Mashine haikuwa na waya wa masikio.

Nilifungua mdomo. Nikaomba chai.


Jumatano, 12 Machi

Mama Funguo amekuja, akakaa kwenye kiti changu bila kuona kuwa ni changu. Hajawahi kufanya hivyo.

Upande wa mashtaka wamemletea habari nyingine: akiri kosa dogo, uzembe na kushirikiana, atapata miaka miwili, pengine pungufu. Anafikiria.

"Unafikiria nini?" binti akamjia juu. "Ulichukua?"

"Sikuchukua. Ila nimeanza kujitilia shaka, dada. Pengine niliacha mlango? Pengine nilimwazima mtu funguo nikasahau? Mashine imesema. Ina maana mwili wangu unajua kitu ambacho mimi sikijui?"

Shaka ile ile! Ndivyo shemeji alivyomwandikia mke wangu kutoka ndani, barua ya kwanza: *labda nilisema jambo mahali, dada, labda nilipitiwa.*

"Usitie sahihi kitu chochote," nikamwambia. Sauti ilitoka kali, binti akaniangalia. "Mwili wako haujui kitu. Ulisubirishwa, ukatoka jasho. Basi!"

"Babu, unasema kama uliyekuwepo."

"Nitakuja kusema mahakamani."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Imekuwa miepesi bila zile funguo. Alisema mimi ni mtu mwema.


Jumatatu, 17 Machi

Wakili alipita kunipangia maswali. Binti alimvua koti bila kumwomba ruhusa, akalifumua mabega mbele yake, akalirudishia yote kwa muda wa saa moja. Alipolivaa alionekana kuwa na shingo. "Sasa hakimu atakusikia," binti akamwambia. "Mwanzo angesikiliza koti." Amekataa malipo.

Alipoondoka nikamwambia binti asije keshokutwa. Ni mambo ya kiufundi, vipimo, atachoka bure.

"Wateja wa Jumatano nimeshawaahirisha. Na zile ngazi za mahakama utazipanda na nani, na magoti hayo?"

"Kuna mambo utayasikia."

Alikuwa anakusanya pini kwa sumaku. Zikarukia moja moja. "Baba, mimi nina miaka arobaini na saba. Kama ni kitu cha kusikia, heri nikisikie kwako hapa kuliko kule benchini."

Alinipa nafasi kabisa. Alinyamaza akaningoja, mikono imetulia. Sijui alinyamaza kwa muda gani. Sikuhesabu.

Nikamwambia kuna kopo la karatasi atanibebea kwenye mkoba. Akasema sawa. Akarudia pini zake.

Mwoga wewe. Ishirini na nne haikukufundisha kitu, hata arobaini na mbili.


Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimepiga pasi shati. Nimejaribu kusema mbele ya kioo cha bafuni: *alikuwa shemeji yangu.* Maneno matatu tu. Yametoka mara moja kati ya tano.


Jumatano, 19 Machi. Mahakamani, ukumbini, saa saba na robo

Naandika gotini. Mwandiko mbaya. Tumepewa mapumziko mpaka saa nane.

Asubuhi alisimama mtaalamu wa kampuni, yule yule aliyempima Mama Funguo. Kompyuta, tai, asilimia tisini na mbili. Hakimu ni mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo. Alimwacha amalize, kisha akauliza: "Hiyo nane iliyobaki huwa inakaa kwa nani? Haiwezi kuwa imemkalia huyu mama peke yake?" Watu wakacheka. Mama Funguo hakucheka. Aliangalia mikono yake.

Mwendesha mashtaka alijenga hoja yake vizuri, siwezi kumkatalia. Mshtakiwa alitia sahihi ya ridhaa. Hakulazimishwa. Mahakama inapokea maoni ya wataalamu wengi wanaokosea zaidi ya hapo. Kwa nini mashine hii tu ndiyo ifukuzwe mlangoni? Iingie, hakimu aipe uzito anaotaka. Wakili wetu akasimama na shingo yake mpya: ikiingia, nani atakumbuka kuipima uzito? Mtu akishasikia mashine imesema, hasikii tena kingine. Akatoa lile la alama ya kidole. Hakimu aliandika.

Halafu mimi. Nikaapa. Kumi na nusu nikaionyesha, mlima unaoanzia kwenye kimya nikauonyesha. Mtaalamu alipoulizwa kutoka pale alipokaa, alisema alikuwa anasoma swali vizuri ili asikosee. Nilimwonea huruma! Najua alichokuwa anasoma. Alikuwa anajiuliza kama amempata mtu.

Kisha mwendesha mashtaka akanyanyua fomu.

"Hapa uliandika kazi yako ilikuwa karani. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Kwa hiyo unaiambia mahakama kuwa wewe ni mwongo."

"Kwa fomu hiyo, ndiyo. Na siku niliyoiandika mapigo yangu yalikuwa shwari kuliko leo ninaposema kweli."

Hakimu aliinua macho, akaandika kwa muda mrefu. Wakili alitazama mikono ya koti lake. Nilidhani limekwisha.

"Unasema kimya kinaweza kumwangusha asiye na hatia. Ni nadharia. Umewahi kuona?"

"Nimewahi kufanya."

"Kwa nani?"

Nikageuka. Benchi la tatu. Binti yangu, mkoba wangu mapajani, mikono juu ya mkoba. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama pindo — anatafuta palipovutika.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Hakimu akaangalia saa: tutarudi saa nane, swali litakuwa linakungoja, shahidi. Uko chini ya kiapo. Usizungumze na mtu yeyote juu ya ushahidi wako, hata jamaa yako.

Nikaenda msalani. Nilichelewa kwa sababu ya magoti, na kwa sababu nyingine.

Niliporudi alikuwa amelifungua kopo.

Ameitandaza karatasi juu ya mapaja yake na juu ya benchi mpaka mahali pangu pa kukaa, ameikandamiza mwisho kwa kopo lenyewe isijiviringe. Mwishoni mwa karatasi, chini ya maneno ya ridhaa, ipo ile sahihi ya kwenye atlasi. Mkia umepinda juu, unajirudia. Kidole chake kilikuwa juu ya mkia huo. Hakuinua kichwa.

Sikukaa. Pa kukaa palikuwa na karatasi. Baadaye akaikunja kidogo, nikakaa.

Akatoa utepe kwenye mfuko wa gauni. Anautembeza polepole, swali kwa swali, kama anapima kitambaa cha mteja asiye na cha kununua kingine. Midomo inacheza. Sita. Sita. Sita. Kumi na nusu. Akarudia tena: kumi na nusu, sawa na ya Mama Funguo. Akaishika ile nafasi kati ya vidole viwili, akaiangalia, akaiangalia.

Mama Funguo ametoka na chupa ya maji, ameona, amerudi ndani.

Halafu binti akarudisha utepe mwanzo. Ameona kitu kingine. Mahali palipoandikwa 2, kwa mwandiko wangu, mistari mitatu imelala kama ziwa. Ameilinganisha na kabla yake, na baada yake. Mshonaji huona palipo laini kupita kiasi.

"Baba. Swali la pili lilikuwa nini?"

Ndilo alilouliza, basi. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza kama mama alijua.

Nimekatazwa kusema. Hakimu amenikataza, na karani wa mahakama yuko pale mlangoni ananiona. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ninataka kusema, sauti ipo, koo liko wazi — na sheria imenishika mdomo. Nimemwonyesha kidole kuelekea mlango wa mahakama. Sijui kama ameelewa kwamba nitalijibu mle, mbele ya wote, na lile la "kwa nani" pia. Sijui kama amedhani ninakwepa tena.

Amengoja. Bado anangoja. Hajauondoa utepe kwenye lile ziwa.

Naandika ili mkono uwe na kazi. Saa ya ukutani ipo juu ya kichwa chake, mshale mwekundu unazunguka. Ishirini na nne imeshapita. Thelathini. Masikio yangu yanaungua.

Arobaini na mbili.

Mlango umefunguliwa. Karani anaita.